Kura Mbili za Kijito cha Corella: Maisha ya Malachy Mulqueen, 1866–1914

Malachy Mulqueen alizaliwa Maryborough, Queensland, tarehe 12 Novemba 1866. Alikuwa mtoto wa tatu wa Cornelius Mulqueen, mpasua mbao, na mkewe Johanna, ambao wote wametangulia. Alipozaliwa alikuwa mdogo hata mkunga akamfunga katika leso akisema hatafika Jumapili. Alifika.

Alisoma shule ya kanisa hadi alipotimiza miaka kumi na moja, baba yake alipovunjika mguu na yeye akachukua nafasi yake kwenye msumeno. Hakuacha kusoma. Gazeti lililofungiwa nyama alilinyoosha kwa kiganja, akalisoma lote.

Mwaka 1891 alikuja kaskazini mwa Townsville, akafyeka msitu hapa Kijito cha Corella na kupanda miwa. Farasi wake wa kwanza alikuwa hasogei mpaka ale, na akishakula husogea anakotaka yeye. Malachy akamwita Meneja. Siku moja, mbele ya mizani ya kiwanda cha sukari, alipaza sauti: "Meneja, mvivu wewe, toa tumbo lako njiani!" Bwana Haddow, mwenye kiwanda, alitoka ofisini na kalamu sikioni. Watu wote walicheka siku ile. Wakati huo walikuwa bado wanacheka pamoja naye.

Tarehe 8 Januari 1894 alifunga ndoa Townsville na Honora Keane, aliyekuwa mfuaji wa nguo. Walijaliwa mabinti wawili, Delia na Winifred. Honora hakuwahi kukaa darasani. Malachy alimfundisha kusoma mezani, baada ya chai, kwa gazeti. "Siku ya kura, Nora," alimwambia, "usimwulize mtu karatasi inasema nini."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe 31 Mei 1913. Nchi nzima iliulizwa kama katiba ibadilishwe, ili serikali iweze kuchukua biashara ambayo mtu mmoja au kampuni moja imeishika yote. Hapa kijitoni hakuna aliyehitaji kuelezwa ukiritimba ni nini. Kiwanda ni kimoja, reli ya miwa ni yake, mabehewa ni yake, bei ni yake, na muwa uliokatwa hausubiri. Ukilala juani unachacha.

Malachy alizunguka nyumba kwa nyumba majuma sita. Majirani saba walimpa mkono kwenye varanda yake, na kusema wao na wake zao watapiga Ndiyo. Wa kwanza alikuwa Bwana Tranberg, ambaye shamba lake linapakana nasi.

"Na Haddow akijua?" aliuliza Tranberg.

"Atajuaje, jirani? Tukiwa wengi, atamnyooshea nani kidole?"

Bwana Haddow mwenyewe alimwambia vivyo hivyo pale kwenye mizani. "Kura ni siri, Bwana Mulqueen. Mimi sitamwuliza mtu."

Kura zilipigwa shuleni. Zilipohesabiwa, msimamizi aliandika kwa chaki ubaoni: Hapana ishirini na moja, Ndiyo mbili. Malachy alimtazama mkewe, na mkewe akamtazama yeye. Nyuma yao mtu alisema, "Haya, bwana na bibi Ndiyo, hongereni!" na wengine wakacheka, lakini hawakuinua macho. Bwana Haddow alisoma ubao, akavaa kofia yake, akaondoka. Queensland ilisema Ndiyo. Nchi kwa jumla ilikataa, tena kwa tofauti ndogo. Lakini Malachy hakushindwa na nchi. Alishindwa kwenye ubao ule. Wangekuwa hata watu wanane, siri ingebaki siri.

Msimu ulianza Juni. Mabehewa yalifika kwa Tranberg, yakafika kwa wote, kwetu hayakufika. Miwa iliyokatwa kwa amri ya kiwanda ililala kando ya reli mpaka ikanuka siki, kisha kiwanda kikaikataa. Malachy alikwenda ofisini kuuliza.

"Nilikuambia sitamwuliza mtu," alisema Bwana Haddow. "Sikumwuliza."

Mwezi wa Agosti Tranberg alikuja kwa mlango wa jikoni, amebeba mkate.

"Mal, nina watoto saba."

"Najua, ndugu yangu. Ningekuwa nao saba, labda hata mimi. Ingia, chai ipo."

Malachy alimsamehe, wakala mkate ule pamoja. Mkewe hakuula, na mpaka leo hajasamehe.

Mvua za Januari zilimkuta akizibua mitaro peke yake, maana hakuwa na pesa za kumlipa kibarua. Alipata nimonia. Daktari alikuja kutoka mjini mara mbili. Malachy alipoweza kusema, aliuliza kama miwa imesimama, akaambiwa imesimama. Alifariki nyumbani Jumanne baada ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1914, mabinti zake wakiwa wamemshika mikono.

Ameacha mjane, Honora. Mabinti, Delia na Winifred. Kaka, Bartholomew, aliyefika kutoka Maryborough. Na farasi Meneja, ambaye bado hasogei mpaka ale.

Kiwanda kimetuma shada la maua. Limeachwa getini. Kiwanda kimetuma pia neno kwamba kiko tayari kununua shamba. Jibu ni Hapana, na safari hii linasomwa mbele ya watu.

Jeneza litabebwa na kaka yake, mabinti zake na mjane wake. Wale saba waliompa mkono pale varandani wanaombwa mikono yao ibaki mifukoni. Msimu unafunguliwa Juni. Anayetaka kumuaga Malachy kwa kweli, na aje siku hiyo, asimame nasi kando ya reli, Haddow amwone.

Malachy, pumzika kwa amani. Miwa imesimama.