Gobori la Thurlow Meeks

Benchi letu liko nje ya duka la Ruby la chakula cha mifugo, hapa bondeni Tenesii. Kila Jumamosi asubuhi tunalikalia kabla ya kwenda kulenga shabaha shambani kwa Moshi. Sisi ni watu wa magobori, bunduki ndefu za mababu: baruti unaimimina mdomoni mwa mtutu, risasi unaishindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu. Moshi ni mzaliwa wa hapa. Jina kalipata kwa kuunguza nyusi. Mdachi alihamia kutoka Pensilvania. Kanali katoka Kentaki, na jeshi hajawahi kulikaribia. Mimi ni wa Karolina. Ruby hutuletea kahawa huku nje ili tusiende kumsumbulia wateja.

Jumamosi hiyo, mwanamke wa makamo alishuka kwenye gari lenye namba za Michigan, kakumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa blanketi la viraka.

— Nimeambiwa nyinyi ndio wazee wa magobori.

— Wazee ni hawa, Moshi akasema. Mimi bado kijana. Karibu, dada. Ruby, ongeza kikombe!

Tukasogea, akakaa.

— Naitwa Darlene Meeks. Baba yangu, Thurlow, alifanya kazi kiwandani Detroit mpaka akastaafu. Kafariki majira ya kuchipua. Kwao hakuwahi kupataja. Ukimuuliza anasema “milimani”, halafu anatoka nje. Hata hilo jina, mama alihisi kajipa mwenyewe. Kaniachia hili tu. Nataka kujua limetoka wapi.

Akafungua blanketi. Mti wa gobori ulikuwa na milia kama pundamilia, na kwenye kitako kulikuwa na nyota ndogo ya fedha. Kanali alivua kofia.

— Pensilvania! Mdachi akaruka. Nyota hiyo ni ya kwetu. Bibi yangu alikuwa kipofu, lakini akipapasa kitako tu anakutajia kijiji.

— Bibi yako alikuwa anabahatisha, Kanali akamkata. Hili ni la Kentaki. Babu alikuwa na lingine, pacha wa hili. Dubu wakilisikia walikuwa wanajileta wenyewe jikoni.

— Na kuosha sufuria wakaosha? nikamuuliza.

— We cheka tu.

— Acheni kumpiga kamba mgeni, Moshi akasema. Tazameni chuma hiki. Kimechimbwa mlima ule pale. Kikifika karibu na kwao kinapata joto. Shika, dada, utaona.

Tulicheka. Darlene hakucheka. Aliweka kiganja juu ya chuma, akafumba macho, akangoja.

— Cha baridi, akasema.

Moshi akainama kama mtoto aliyevunja chombo.

Darlene akatoa picha mfukoni: mwanamume mwembamba, masikio makubwa, kasimama pembeni ya lundo la theluji. Ikapita mkono hadi mkono.

— Kila mmoja anasema ni la kwao, akasema. Hakuna hata mmoja anayemfahamu baba?

Kanali, ambaye hajakanyaga Kentaki tangu amzike mama yake, aliishika ile picha muda mrefu kuliko wote. Mimi niliwaza kama kule Karolina bado yuko mtu wa kuitambua sura yangu.

— Hatumjui, dada, Moshi akasema mwishowe. Lakini twende shambani. Gobori halitakiwi kukaa kimya hivi.

Tulilikagua mtutu, tukalisafisha. Moshi akamwonyesha kupima baruti, kushindilia, kuegemeza shavu. Darlene akafyatua. Mlio ulipiga milima ukarudi. Shabaha aliikosa kwa mbali, na moshi mweupe ukamfunika kabisa.

Ulipopungua, tulimwona analia.

— Umeumia bega? Kanali akamkimbilia.

— Hii harufu ya baruti, akasema. Kila Jumapili baba alikuwa anatoweka, na koti lake likirudi linanuka hivi hivi. Mama alikufa akiamini baba ana mwanamke mwingine.

Akajifuta uso kwa mkono uliojaa masizi.

— Nionyesheni tena. Baruti kwanza, siyo?