Fundi Kona na Lile Gari la Njano

Mmeliona. Msiniambie hamkuliona, wasikilizaji wapendwa. Gari la njano, la milango miwili, limesimama uani pale gereji tangu Februari. Matairi yamelala. Ubavuni limepigwa alama nyekundu ya kuondolewa. Mmepita, mkainamia simu zenu, mkaenda. Hodari wa kupita ninyi.

Mwenye gari hilo amefariki. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Fundi Kona amefariki, Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, gerejini kwake, amekaa juu ya tairi anakunywa chai. Moyo. Miaka sitini na minne. Na kesho saa sita mchana mwenye kiwanja cha gereji ile analeta watu wa chuma chakavu walikate gari lake vipande.

Leo namkumbuka. Na nawaambia mapema: nimechanganyikiwa.

Tulimwita Kona kwa sababu kona ndiyo ilikuwa mizani yake. Kila Jumapili asubuhi alipandisha kilima cha tangi la maji kwa magari mawili, moja baada ya jingine. La kwanza hilo la njano, umri miaka ishirini na tisa, gia za mkono, usukani mzito kama jiwe la kusagia. La pili la binti yake, daktari wa meno: gari la spoti, jipya, milango miwili vilevile, gia zinajibadili zenyewe. Kona zilezile, mwendo uleule. Pembeni amekaa mkewe. Wakifika juu alimwuliza mkewe, hakujiuliza yeye.

"Dereva ni mlevi wa usukani," alikuwa akisema. "Ukitaka ukweli wa gari, muulize aliyekaa pembeni."

Jumatatu alikuja hapa studio, mikono inanuka grisi, akatoa hukumu.

Miaka miwili hukumu ilikuwa moja: la zamani. "Jipya lina mbio, sikatai," alisema kwenye maikrofoni hii hii. "Lakini uko mia na ishirini unapiga miayo. La njano, sitini tu, roho inaruka. Halafu jipya sauti ya injini inatoka kwenye spika! Spika, jamani! Hiyo ni sawa na kumbusu mtu kupitia dirisha lililofungwa."

Tulicheka. Kisha mwezi wa tatu mwaka huu akaingia, akakaa taratibu, akasema: "Jipya ndilo lenye raha." Wiki iliyofuata, jipya. Wiki saba mfululizo, jipya.

Na sisi tukafanya nini? Nasema sisi, na mimi nimo. Nikambandika jina hewani: Fundi Bendera, hufuata upepo. Nanyi mkapiga simu kumzomea. Mmoja wenu aliuliza kama binti amemhonga meno ya dhahabu. Nakumbuka sauti yako, bwana. Mzee alitabasamu tu.

Baada ya mazishi nilikwenda kutoa pole. Binti akanivuta jikoni.

"Anko, baba mguu wake wa kushoto ulikufa ganzi tangu Februari. Klachi hakuweza tena kuikanyaga. Tangu hapo la njano hakuliendesha tena hata siku moja. La kwangu halina haja na mguu wa kushoto."

"Mbona hakusema?"

"Alitukataza. Alisema, heri waniite kigeugeu kuliko wanionee huruma."

Basi, nikajiona nimeelewa. Mzee alisifu alichoweza. Hayo ndiyo niliyotaka kuwaletea leo, tulie kidogo, tuagane. Nikamweleza mjane wake. Akanikata kauli.

"Shemeji, usimgeuze mume wangu mwongo. Mguu ni kweli. Lakini Jumapili ile ya mwisho alishuka kwenye lile jipya anacheka peke yake. Nikamwuliza, mzee, kulikoni? Akasema, limenipa kona kabla sijaiomba. Kicheko kile si cha mtu anayeficha mguu. Namjua."

"Kwa hiyo, shemeji, lipi lilikuwa tamu?"

"Mimi najuaje? Kila Jumapili nilimjibu alichotaka kusikia. Macho yangu yalikuwa kule korongoni, tusije tukatumbukia."

Mmesikia? Miaka miwili ya hukumu, na shahidi alikuwa anaangalia korongo! Sasa mimi niamini lipi? Mguu? Kicheko? Sijui. Nimelizungusha kichwani siku tatu, linanirudisha palepale.

Mama huyo ana leseni tangu ujanani na hajawahi kuachiwa usukani. Aliniambia: "Nimeulizwa miaka yote nikiwa kiti cha pembeni. Sasa nataka nishike mimi, yote mawili, kilima kilekile. Ndipo nitajua mume wangu alipenda nini."

Ili ajue, la njano lazima liwepo. Wao wanakaa ghorofa ya tatu, nafasi ya kuegesha ni moja, na ina gari la binti. Nikamfuata mwenye kiwanja. Akanijibu: "Si mwenyewe alisema redioni kwako kwamba jipya ni bora? La nini hilo?" Maneno yetu, wasikilizaji. Ndiyo yanayonoa msumeno.

Mimi sisahau. Kichwa cha treni pale stesheni mliacha kikakatwa, leo mnapiga picha na kibao chake.

Kwa mama, kwa binti: poleni sana. Na samahani, nawaomba hewani kwa sababu nilimkosea hewani. Nanyi mnaosikiliza, jiulizeni: mara ngapi tumemcheka mtu aliyebadili kauli, bila kumwuliza anaumwa wapi?

Lakini msikae na tafakari tu. Mwenye banda, mwenye nafasi ya gari moja chini ya paa, piga simu sasa. Mwenye lori, njoo na mnyororo wa kuvutia. Mwenye pampu ya upepo, ibebe. Nikizima maikrofoni hii naelekea uani pale, na kesho saa sita watanikuta mbele ya boneti. Nyanyukeni!