Risala ya Mafundi Seremala Kuhusu Kitanda Kilichoingia Simuni Kikagoma Mlangoni

Mgeni rasmi, pamoja na viongozi mlioketi meza kuu, shikamooni. Sisi mafundi seremala thelathini na mmoja wa Bagamoyo tunakukaribisha katika banda letu la maonyesho. Utuwie radhi viti havilingani. Vile vizuri vilichukuliwa na mradi wa kuuza samani kwa simu, kwenda kupigwa picha, na havijarudi.

HISTORIA FUPI

Banda hili tulilijenga wenyewe miaka kumi na minne iliyopita. Mteja anaingia, anakaa juu ya kitanda, anakitikisa, anapitisha kiganja kwenye nakshi, ndipo tunazungumza. Tukipatana, fundi anakwenda nyumbani kwake na uzi. Anapima mlango kwanza, chumba baadaye. Kitanda kinapelekwa vipande vipande na kuungwa humo chumbani.

MAFANIKIO

Mwaka jana mradi ulituletea programu ya simu. Mteja anaelekeza kamera chumbani mwake, na kitanda chetu kinaonekana kimekaa pale, na mito yake. Hatukatai, inapendeza. Oda zimetoka mpaka Msata. Mafanikio yameishia hapo.

CHANGAMOTO

Afisa wa mradi, Ndugu Farhan, alituambia kwenda kupima ni kupoteza muda, simu imeshapima. Akataka pia kitanda kifike kimeshaungwa, kama kilivyo pichani. Fundi wetu mkubwa, Mzee Shuaibu, alimuuliza, "Mwanangu, na mlango nao simu imeuona?" Akaambiwa asiwe na wasiwasi.

Mwezi wa Shaabani tukapeleka kitanda cha harusi kwa Bi Arafa, kwenye zile nyumba za zamani za mjini. Chumbani kingekaa vizuri kabisa. Mlangoni kikagoma. Tulikilaza ubavu, tukakisimamisha, tukang'oa mpaka bawaba. Waalikwa wanatutazama, pilau inapoa. Bi Chausiku, somo aliyemfunda bibi harusi, akasema, "Huyo aliyekiona humu ndani aje akiingize." Ndugu Farhan hakupatikana kwa simu. Tukakikata kwa msumeno mbele za watu, nakshi ya mwezi mzima. Mgeni rasmi, tuliaibika, na mpaka leo inatuuma.

Ripoti ya mradi ikaandika kwamba mafundi wanahitaji mafunzo. Tumeshapewa mara tatu, yote ya kushika simu.

Sasa tumeletewa barua. Jumatatu banda livunjwe, pawe maegesho ya magari, kwa sababu wateja watatuona simuni. Tumejitafuta humo. Vitanda vipo, majina yetu hayapo, wala namba zetu.

MAOMBI

Tunaomba fundi aruhusiwe kwenda kupima kabla mbao hazijakatwa. Simu ibaki, hatuna ugomvi nayo. Na banda lisivunjwe. Hilo ndilo tulilokuitia. Hilo jingine tungeweza kulisubiri.

Tunajua desturi ni kujibiwa kwamba maombi yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Tumechoka nalo jibu hilo. Leo tunaomba ndiyo au hapana. Na kama ni hapana, tuambie sasa hivi, usoni, ili kesho tupande juu tung'oe bati wenyewe. Kila msumari humu tunajua nani aliupigilia.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na hekima, nasi atuongezee subira, maana iliyobaki ni kidogo.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi Seremala wa Banda la Mbao, Bagamoyo

Imesomwa na Nadhira Sadallah, Katibu