Himid Shaame, Mpima Majabali wa Woolwich

Ijumaa hii, tarehe 28 Septemba 2007, Bwana Himid Shaame anastaafu baada ya miaka kumi na saba na miezi sita ya kuchora milima katika ofisi yetu ya ramani hapa Woolwich. Alitakiwa aondoke mwakani. Anaondoka sasa kwa hiari yake, na aliponiruhusu kuandika maneno haya kwa ajili ya hafla yake alinipa sharti moja tu: nisithubutu kuandika kwamba hakuwahi kukosea. Haya, Ami Himid, nimetii. Lakini sifa zitatangulia, upende usipende.

Himid alizaliwa Wete, Pemba, ambako kilima cha kukutoa jasho unakipanda kabla chai haijapoa. Alijifunza kuchora ramani za mashamba katika ofisi ya serikali Unguja. Kisha mambo yakawa mambo, akajikuta ng'ambo, Hounslow, akipakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow miaka kumi na mitatu. Siku aliyokuja kwetu kuomba kazi, mkuu wetu Bwana Gurdial, mzaliwa wa Nairobi, alimwuliza kwa Kiswahili kama amewahi kuuona mlima wenye theluji. Himid alijibu kwamba bado, ila yuko tayari kutambulishwa. Akaanza kazi Jumatatu ya tarehe 5 Machi 1990.

Kwa waalikwa wasioijua kazi yenyewe: ndege hupita juu ya mlima ikipiga picha mfululizo. Unachukua picha mbili za pahala pamoja, moja unaipa jicho la kushoto, nyingine la kulia, na ghafla mlima unasimama mbele yako, na mabonde yake na vivuli vyake. Unaongoza nukta ndogo ya mwanga, unaitua juu ya mwamba, unaandika kimo chake, unasogea hatua nyingine. Tambarare haina shida. Palipo wima ndipo penye kazi, kwani nukta ikiteleza kidogo tu ukingoni umeshaanguka mita hamsini.

Akishaingia humo, Himid hakuwa Woolwich tena. Vilele vya theluji alivipima amevaa koti, hata mwezi wa Julai. Akifika ukingoni mwa genge, mkono wa kushoto ulishika meza wenyewe. Ukimwita, alikawia kurudi. Alivua miwani taratibu, akatuangalia sote kwa upole wa mtu aliyetoka mbali, kisha akashuka ngazi kwenda sokoni kwa hadhari, akijaribu lami kwa ncha ya kiatu. Mkewe, Bi Malak, anasema miaka yote hii amekula wali na mume aliyekaa mezani kwao Barking huku yuko mita elfu tatu juu.

Mwaka 1997 zikaja kompyuta. Mashine ya zamani ilikuwa na magurudumu mawili ya mikono na sahani ya kuzungusha kwa mguu, na mguu wa Himid haukupewa taarifa ya mabadiliko. Uliendelea kuzunguka chini ya meza miaka mitatu mizima, mpaka zulia likatoboka. Gurdial alikataa kulibadilisha, akidai tundu hilo ni mali ya kampuni. Labda alikuwa akilipa fadhila. Wiki ya kwanza ya kompyuta, Gurdial mwenyewe alipakia picha kinyume, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, na ukifanya hivyo milima inageuka mashimo. Akapima asubuhi nzima. Himid alipita nyuma yake, akatazama, akauliza kwa adabu ni nani aliyechimba kisima cha mita elfu moja.

Mimi, Suad, nilifika mwaka 2001 nikakalishwa kando yake. Alinifundisha kutoiamini kompyuta penye kivuli, maana isipoona hubahatisha, na genge zima hulilainisha likawa mteremko wa kuchezea watoto. Alinifundisha kutua nukta moja moja kwa mkono. Kila nikijuacho katika kazi hii kimetoka kwake.

Sasa lile sharti. Januari mwaka huu tulikuwa tukitengeneza ramani ya kikosi cha uokoaji milimani, watu wa kuteremsha majeruhi kwa kamba. Nilimpelekea Himid karatasi, yaani kipande kimoja cha ramani, nikatazama kompyuta yake, nikaona nukta aliyoitua inaelea hewani mbali na mwamba. Nikaona nyingine. Jamani, nilifanyaje? Mtu wa makamo ya baba yangu, mwalimu wangu, nimwambie umekosea? Ijumaa alipokwenda msikitini nilikaa kwenye kompyuta yake, nikazirekebisha kimyakimya, nikaondoka. Nikafanya hivyo Ijumaa saba, nikajiona nina adabu kweli.

Nilichosahau ni kwamba kompyuta huandika jina na saa. Himid alifungua orodha akasoma kwamba Himid Shaame amepima genge siku ya Ijumaa, saa saba na dakika ishirini mchana, wakati Himid Shaame yumo kwenye sijda. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba atakayening'inia kwenye ile kamba hatasaidiwa na adabu yangu. Sijawahi kuona haya namna ile.

Akaenda hospitali peke yake. Presha ya jicho, la kulia, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Kwa jicho moja mlima hausimami. Alijua kwamba akisema, kiti chake kimekwisha. Akinyamaza, ramani itatoka na makosa ambayo mimi na wizi wangu hatukuyaona. Jumatatu alisimama mbele ya ofisi nzima akasema. Kisha akaniamuru nizipime upya karatasi zake zote kumi na mbili, na kila kosa nilitaje kwa sauti, mbele ya watu, naye aliandike.

La kwanza nililizungukazunguka. Alisubiri, kalamu mkononi. Nikalitaja. Tulipomaliza yalikuwa manne zaidi ya yale niliyoyafichaficha, na moja lilikuwa ukingo wa kuteremshia machela: alikuwa ameushusha mita kumi na tisa. Kamba ya kukata kwa kipimo hicho ingeishia njiani. Himid aliandika, akatia sahihi, akamwomba Gurdial amwache akague karatasi zilizochapwa mpaka Septemba, kiti nipewe mimi.

Nilikipokea nikilia, na nilikikalia kwa hofu. Agosti nikamletea karatasi yangu ya kwanza ya peke yangu. Haoni tena mlima ukisimama, lakini mistari ya vimo anaisoma kwa kidole. Alikaa nayo dirishani tangu asubuhi, yuko huko juu tena, koti mabegani. Mara akagonga meza kwa furaha ya mtu aliyeozesha binti, akatangaza kwa wote kwamba kijito cha Suad kinapanda mlima. Ofisi ikaangua kicheko. Nikakagua: kweli, maji yangu yalikuwa yanapanda mita nne.

Hivyo tu ndivyo nilivyopaswa kumfanyia mimi ile Ijumaa ya kwanza, na kulitaja kosa langu kulimchukua nusu dakika tu.

Ami Himid, sote hapa tunakushukuru. Tunakuombea jicho lililobaki lidumu, Bi Malak akupate mezani mzima mzima, na siku zako ziwe na nafasi na utulivu. Kijito nimekirekebisha. Nimeandika jina langu, na saa.