Shikamoo Niliyoupa Ukuta

Asalaam aleikum, wanakikundi wenzangu wa kuzikana. Haya nitakayosema yananifanya nionekane juha, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa hivi, asije akapaliwa na chai huko mbele.

Mnaijua ile picha ya kijana ukutani pale kwa kinyozi, hapa hapa Rasbura? Ni mimi. Alinichora fundi mmoja wa mabango, mama yangu akiwa bado hai. Nilikaa kwenye benchi nampigia stori, anacheka mpaka brashi inamtetemeka. Alipomaliza nikaona kanichora nimefunga mdomo, macho yanaangalia mbali. Washkaji wakanikalia kooni: "Oya, huko ukutani umefiwa na nani?" Nikamwambia kinyozi apake chokaa, huyo siyo mimi. Hakupaka.

Mama akafariki. Mlimzika nyinyi, mlileta unga, mliteka maji, na mimi nikawachekesha hata msibani. Mkaondoka mnasema dogo yuko freshi. Nikabaki na chumba.

Ndugu zangu, kilichonimaliza ni kitu kidogo sana. Tangu nipate akili, neno langu la kwanza asubuhi lilikuwa shikamoo, kwa mama. Sasa naamka, neno liko mdomoni, wa kumpa hayupo. Asubuhi moja napita pale kwa kinyozi, nikaitazama ile picha. Nikaona, kumbe ndo mimi huyu. Tena kwa sura ile, kama kanizidi umri. Nikamwamkia.

Ikawa ndo kawaida yangu. Mchana watu sokoni wanashika mbavu kwa ajili yangu, na hawajui asubuhi nilikuwa naongea na ukuta.

Sasa siku hiyo nasema shikamoo, nasikia: "Marahaba." Kumbe kinyozi yuko ndani anafagia, mlango kaurudishia tu. Akatoka na ufagio wake. Nikatafuta utani wa kujiokoa, haukuja hata mmoja. Nikalia, mtu mzima na ndevu zangu za kuhesabika.

Akanikalisha, akanifunga kitambaa shingoni.

"Una nini, mwanangu?"

Nikamwambia yote. Akawa ananinyoa taratibu, ananisikiliza. Tangu hapo chai ya asubuhi nakunywa kwake, na mkewe ananigombeza nikichelewa. Hujui raha ya kugombezwa mpaka ukose wa kukugombeza.

Nawashukuru wale wawili, na nyinyi pia. Ila nawaomba: anayewachekesha sana msibani, mrudieni watu wakishatawanyika. Na ile picha, kwanza niliionea aibu, halafu nikaiona msiba mtupu. Siku hizi naona mtu katulia tu. Na mimi nimejifunza kutulia hivyo, nisiongee, na bado nikawa mimi.

Juzi yule fundi alikuja kuirudishia rangi. Nikamuuliza alijuaje kunichora vile, wakati mimi mwenyewe nilikuwa sijijui.

"Mi sikujua kitu, dogo," akasema. "Ulinyamaza kidogo, nikawahi."