Kopo la Kuchujia Majivu

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, amani iwe nanyi. Nimesimamishwa hapa kwa sababu huu ni mwaka wa pili sijaonja kimpumu wala kileo kingine. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha walioacha pombe anataka niwatie moyo. Nitajaribu, lakini nawaambia mapema kwamba mimi mwenyewe moyo sina mwingi.

Wengi mnanijua. Mimi ni mtunza maabara wa sekondari, yule wa kuosha chupa za walimu. Mke wangu alikuwa anakohoa. Baridi ya huku Ufipa mnaijua: mwanamke anafunga mlango wa jiko, anakaa ndani na kuni zake, moshi wote unaishia kifuani mwake. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba moshi ule utamuua.

Nikasema nitamtafutia moto usio na moshi. Maabarani nilikuwa nimeona mara nyingi: ukipitisha umeme kwenye maji, zinatoka gesi mbili, na moja, hidrojeni, inawaka bila moshi. Umeme ningeupata kwenye sola. Shida ni vile vipande vya madini unavyozamisha majini. Bila kichocheo kizuri juu yake, umeme unapotea bure na gesi inatoka kwa kubembelezwa. Kinachosifiwa ni platini, na platini mimi nimeisoma vitabuni tu.

Nikahangaika na nikeli niliyobandua kwenye betri mbovu. Maji matupu hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo mke wangu akanipa magadi yake, maji ya majivu ya maganda ya maharage, yale tunayopikia mlenda. Aliyachuja kwa kopo alilorithi kwa mama yake, limetobolewa kitako, kutu imelila mpaka limekuwa jekundu.

Siku za kwanza hamna kitu. Halafu kila alipochuja mengine nikaongeza, mapovu yakazidi. Jioni moja tukachemsha chai. Kikombe kimoja, na kilichukua karibu saa nzima. Alikinywa chote amesimama, anacheka, hakohoi. Nikamwahidi jiko zima kabla ya baridi nyingine.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Mkuu wa shule alileta wageni, wataalamu wa chuo kimoja cha mbali, waje kuona. Nikaona aibu. Wasomi niwaonyeshe kopo la kutu na maji ya majivu? Nikaomba dawa nyeupe ya maabara iwe badala ya majivu, nikaweka maji safi kabisa, nikakata nikeli mpya. Mke wangu akauliza, "Na kopo je?"

Nikamjibu mbele ya watoto, "Usiniaibishe na takataka zenu."

Kopo nikalitupa kwenye banda la kuku.

Wageni wakakaa, mimi na koti langu jeupe. Yakaja mapovu mawili matatu. Nikawasha njiti tatu za kiberiti, hakuna kilichoshika. Walikuwa waungwana, wakaniambia niendelee kujitahidi, wakaenda kula. Mtaani kwetu Mazwi wakanibatiza Profesa. Mtu anapita na pikipiki yake, anapunguza mwendo aniulize kama chai iko tayari, maana mwenyewe nilikuwa nimeitangaza mtaa mzima.

Nikahamia kilabuni. Ndugu zangu, hakuna aliyenisukuma. Mke wangu akarudi kwenye kuni, na kikohozi chake nilikuwa nakisikia. Nilikuwa naondoka nyumbani ili nisikisikie. Miaka miwili hivyo. Alikufa mwezi wa saba nikiwa kwenye mtungi. Jirani alinifuata kuniambia hali imekuwa mbaya. Nilimwambia asubiri kwanza.

Baada ya matanga, dada yake marehemu akaniletea kitu kimefungwa kwenye kitenge. Lilikuwa lile kopo. Kumbe mke wangu alilitoa kwa kuku, akaliosha, akalificha. Shemeji akasema, "Aliniambia nikupe siku utakayoliulizia. Hujaliulizia, lakini sasa nimwekee nani?"

Nikachuja majivu kwa lile kopo. Baada ya siku chache mapovu yakarudi, moto ukashika. Nikajaribu kuchuja kwa ndoo ya plastiki, na nikeli mpya: moto ukagoma. Mwalimu wa kemia ndiye aliyenifungua macho: kutu kidogo tu ya kopo ilikuwa inagandia kwenye nikeli, na hicho ndicho kilikuwa kichocheo. Siku ya wageni niliuzima moto kwa usafi wangu.

Chai ikachemka. Nikamimina kikombe, nikakaa nacho mpaka kikapoa. Hakukuwa na wa kukinywa. Siku ile sikwenda kilabuni, na msiniite jasiri, miguu ilikataa. Kesho yake jirani yuleyule niliyemwambia asubiri akanishika mkono akanileta hapa.

Nakushukuru, jirani. Namshukuru shemeji, ambaye angeweza kulitupa. Nawashukuru ninyi mliokaa nami nilipokuwa nalia tu. Mashine bado ni ya kikombe kimoja, na sijui kama itavuka hapo.

Fundisho ninalo moja. Kabla hujatupa kitu cha mwenzako kwa kuwaonea aibu wageni, muulize kinafanya kazi gani. Muulize angali anaweza kukujibu. Mimi mke wangu aliniuliza yeye, "Na kopo je?", na mnajua nilichomjibu.