Mama Swichi Avua Glavu

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuandaa nyumba za watumishi wa hospitali yetu, msimamizi wa usafi, ambaye sote tunamwita Mama Swichi, anastaafu.

Jina hilo alilipata kwa kosa lake mwenyewe, na hajawahi kulificha. Mwaka wake wa pili kazini alikuta vifuniko vya swichi vya nyumba nzima vimekuwa njano. Akavisugua kwa dawa ya klorini mpaka mikono ikamchubuka. Haikupita wiki vikawa njano zaidi, na viwili vikapasuka. Alikwenda mwenyewe kumweleza bosi, kabla hajaulizwa.

Aliyemwokoa ni wifi yake, msusi, aliyempa krimu ya peroksaidi, ile ya kupausha nywele. Mama Swichi akanifuata mimi, fundi umeme, nizime umeme nimfungulie vifuniko. Akaviosha kwa sabuni, akavipaka krimu, akavifunga kwa nailoni na kuvianika juani nyuma ya nyumba yake. Mumewe aliporudi akauliza kama siku hiyo wanakula swichi. Jioni vilikuwa vyeupe, na jina likamganda.

Lakini mimi namkumbuka zaidi kwa jambo jingine. Miaka sita iliyopita muuguzi mmoja alifiwa na mumewe, akaomba kuhama. Marehemu alikuwa akivuta sigara ndani. Soketi, fremu za madirisha, hata mfuniko wa choo, vyote vilikuwa njano. Siku ya ukaguzi wa kukabidhi nyumba, muuguzi alisimama mlangoni, hataki tuingie.

"Mtasema nilikuwa mchafu," alisema.

Mama Swichi akavua viatu. "Dada, hapa hakuna uchafu. Hapa aliishi mtu. Nipe ndoo."

Akaahirisha ukaguzi siku tatu kwa sahihi yake mwenyewe, wakafanya kazi wote wawili. Siku ya kwanza walisugua soketi na mfuniko wa choo. Siku ya pili, wakifuta dirisha ambalo marehemu alipenda kukaa karibu nalo, muuguzi akaanza kusimulia jinsi mumewe alivyokuwa akiimba vibaya. Nikiwa juu ya ngazi nikasikia wanacheka, kisha mmoja analia. Nikajitia kushughulika na waya.

Fremu moja ilikataa katakata kuwa nyeupe. Mama Swichi akaandika kwenye fomu: "Imefubaa kwa umri. Nyumba ni safi." Muuguzi akakabidhi funguo kichwa juu.

Wasaidizi wake wawili wanaobaki wanajua kazi, na wanajua pia kuvua viatu mlangoni.

Asante, Mama Swichi. Umewaandalia wengi nyumba za kuingia, na wengine ukawasaidia kutoka kwa heshima. Sasa kaketi kwenye yako. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na miaka mingi ya kupumzisha mikono hiyo.